Kigingi cha Nyuma ya Jiko

Mtaani walimwita Masikio, na jina hilo halikumchukiza, maana ndiyo yaliyomlisha. Kwa miaka kumi na minne alitembea kwenye viwanja vya watu na mashine yake ya kutafutia vyuma, hedifoni nyeusi kichwani, sahani ya mashine ikienda kushoto na kulia juu ya nyasi. Wapita njia hawakukosa la kusema. "Mama, unafagia hewa?" "Mama, ukiiona sufuria yangu niambie!" Hakuwajibu, kwa sababu hakuwasikia.

Kazi yake ilikuwa kumtangulia mpima ardhi. Kila kiwanja kilichopimwa zamani kiliwekewa vigingi vya chuma kwenye pembe zake. Miaka ikipita udongo hupanda, watu humwaga majivu, hujenga banda la kuku, hubomoa banda, na kigingi huzama kikasahaulika. Siku ndugu wanapogombana, au mmoja anapotaka kuuza, ndipo mpimaji anapoitwa, naye humwita Masikio. Sheria ya kazi ile ni moja: kigingi kikipatikana ardhini, kinashinda karatasi. Ramani inaweza kuliwa na mchwa, babu anaweza kuwa aliapa hivi na bibi akaapa vile, lakini chuma hakina shangazi. Masikio alishawaambia watu wengi, kwa upole na bila kupepesa macho, kwamba ukuta wao umevuka mpaka. Wengine walilia. Mmoja alimfukuza na mwiko. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba amedanganywa.

Ufundi wenyewe haukuwa kwenye mashine. Mashine kama ile wanazo wengi. Wanainunua kwa tamaa ya dhahabu, wanaokota vizibo vya soda mwezi mzima, kisha wanaitupa uvunguni. Wanaipeperusha sahani juu juu kama wanaofukuza nzi. Masikio aliishusha mpaka ikakaribia kugusa nyasi, akaishika ubapa mwanzo hadi mwisho, na kila mpito ulikanyaga nusu ya ule uliotangulia. Kabla ya kuanza aliizoesha udongo wa mahali pale, akiiinua na kuishusha mpaka kelele za udongo mtupu zikaisha. Betri alizibadilisha kabla hazijalalamika. Kifuniko cha plastiki cha sahani alikivua kila jioni akakung'uta mchanga uliojificha ndani, kwa kuwa chembe moja ya kutu humo inaweza kumkimbiza fundi siku nzima akifuata mzimu. Hedifoni zilimletea milio midogo ambayo spika ya mashine ingeimeza. Na mwisho kulikuwa na kijiti, kifupi kama mwiko, cha kuingiza ndani ya shimo. Hicho hulia kikikaribia chuma, kikamwokoa mtu asichimbe kaburi kwa ajili ya msumari.

Haya yote alimfundisha mtu mmoja tu, mdogo wake.

Mama yao alipofariki, Masikio alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake sita. Alikuwa kitinda mimba, basi jina likabaki Kitinda, hata alipoota ndevu na kuvaa viatu vya ngozi. Dada alifua nguo za watu ili yeye aende shule. Posa mbili zilikuja zikarudi, kwa kuwa waposaji walimtaka Masikio bila mzigo wake. Alipopata kazi ya vigingi alimchukua Kitinda amsaidie, na haki ya Mungu kijana alikuwa na sikio zuri, zuri kupita la dada yake. Alichokosa ni subira. Akaacha kazi, akawa dalali wa viwanja, na hilo nalo Masikio alilisifia kwa majirani kana kwamba amekuwa waziri.

Baba yao alikuwa amewaachia kiwanja kimoja kilichokatwa katikati. Nusu yenye nyumba ni ya Masikio, nusu tupu ni ya Kitinda. Mbele, kando ya barabara, kigingi cha mpaka kilisimama ndani ya zege, kila mtu akikiona. Cha nyuma kilikuwa kimezama zamani mahali fulani nyuma ya jiko, na hakuna aliyekitafuta. Mtu na mdogo wake watapimana nini?

Sasa Kitinda akapata mnunuzi wa nusu yake, mtu mwenye malori aliyetaka mahali pa kuyalaza. Mpimaji akaitwa. Na juma moja kabla ya siku ya kupima, Kitinda akamjia dada yake na boksi.

"Fungua, dada. Usiogope, si nyoka."

Ndani kulikuwa na sahani mpya ya mashine, kubwa kama sinia, ya kufika chini mara mbili ya ile ndogo aliyoizoea. Masikio alikuwa ameitamani miaka mitatu, akiitazama dukani na kuondoka. Aliishika, akaigeuza. Machozi yakamtoka bila kupigwa.

"Umenilea kwa kile kisahani kidogo," Kitinda akasema. "Sasa na wewe kula vya wakubwa. Siku ya kupima uje nayo, mnunuzi aone fundi."

"Mimi ndiye nitakayetafuta? Mpaka wangu mwenyewe?"

"Nani mwingine? Mpimaji ameshakubali. Nimemwambia dada yangu hasemi uongo hata kama ukweli utampunja."

Usiku ule Masikio aliiweka sahani juu ya kabati, akawa anaitazama akila. Mwanamke mwenye akili zake, na anatabasamia plastiki.

Siku ikafika, asubuhi yenye jua. Nyuma ya jiko walisimama wanne: Masikio, Kitinda, mpimaji na kofia yake pana, na mwenye malori, mtu mnene aliyejipepea kwa karatasi za mauzo. Masikio alivaa hedifoni, akafunga sahani mpya, akaizoesha udongo.

"Dada," Kitinda akasema, "uani kwetu kuna takataka za miaka arobaini. Weka ule uchujaji, mashine ikatae vidogo. Tutafute kikubwa tumalize, watu wana kazi."

Lilikuwa neno la fundi, na Masikio hakuona kosa ndani yake. Mashine ile ina kitufe cha kuchuja. Ukikipandisha, misumari, vizibo na karatasi za sigara hunyamazishwa, kinabaki chuma kikubwa peke yake. Akakipandisha. Uani kukawa kimya. Akatembea, kushoto, kulia, kushoto, kulia, toka ukingo wa Kitinda kuelekea kwake. Hakuna kitu. Akalipita shina la mpapai. Hakuna kitu. Alipokaribia pembe ya jiko lake, hedifoni zikalia mlio mzito, mpana, unaopanda taratibu na kushuka taratibu.

Aliujua mlio ule. Chuma kipya hulia kwa mkato. Chuma kilichokaa ardhini miaka huvujisha kutu kwenye udongo unaokizunguka, na udongo wenyewe hujifunza kuimba. Huo ndio mlio wa kigingi cha haki. Akachimba, akaingiza kijiti, kijiti kikalia, na kichwa cha kigingi kikatokea, chekundu kwa kutu, katika udongo mwekundu kwa kutu.

Mpimaji akavuta kamba kutoka kigingi cha mbele hadi pale. Wote wakaitazama. Kamba ilipita juu ya pembe ya jiko, ikaingia kwenye ukuta wa chumba cha nyuma na kutokea upande wa pili.

Chumba hicho ndicho alichokuwa akilala. Alikijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa ujira wa vigingi vya miaka yake ya mwanzo, na alikijenga kwa macho, bila kupima, kama wanavyofanya watu wote anaokwenda kuwaliza. Akakumbuka nyuso zote zile. Leo ni zamu yangu, akawaza, na hakuna wa kumkimbiza na mwiko.

"Pole sana, fundi," mpimaji akasema, na alimaanisha.

"Sheria ni sheria," akajibu. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Kigingi kinashinda karatasi. Chumba kitabomolewa."

Kitinda akamshika bega. "Nitakusaidia kubomoa, dada. Hata matofali tutayatoa mazima mazima."

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mpimaji alishafungua daftari lake, mwenye malori alishatoa kalamu. Lakini Masikio alikuwa na tabia moja ambayo hata msiba haukuweza kumwachisha: alipita mara mbili. Mpito wa kwanza wa kutafuta, wa pili wa kuhakikisha, na wa pili aliufanya bila kuchuja chochote, kwa sahani ndogo, kwa sababu sahani kubwa ni ya mashamba. Inasikia mbali lakini inavichanganya vya karibu, kama mzee anayesikia ngoma ya mtaa wa pili na hasikii anachoambiwa na mkewe. Akaanza kufungua sahani mpya.

"Unafanya nini?" Kitinda akauliza.

"Napita mara ya pili."

"Si umeshakipata? Dada, jua linawaka. Mgeni wa watu anasubiri."

"Nimewapitia watu wote mara mbili. Nikijipitia mimi mara moja itakuwa nimejidhulumu."

Mwenye malori akasema yeye hana haraka. Kitinda akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na mtu wa kukipokea.

Uchujaji ukazimwa, sahani ndogo ikafungwa, na uani kukaanza kelele. Kila hatua ilikuwa na la kusema: msumari, kizibo, kipande cha bati, pini ya nywele ya mama yao labda, waya, tena msumari. Miaka arobaini ya watu kula, kukarabati na kutupa. Masikio alitembea ndani ya kelele hizo kama mtu anayepita sokoni anapojulikana. Kutoka kwenye kigingi alirudi kuelekea upande wa Kitinda, hatua moja, ya pili, na katika hatua ya tatu soko likanyamaza.

Akasimama. Akadhani betri. Akazungusha sahani kushoto, kizibo kikalia. Akairudisha, kimya. Akautafuta ukingo wa ule ukimya, akaufuata. Ulikuwa duara, upana wa tairi la lori, na ndani yake hapakuwa na msumari, hapakuwa na kizibo, hapakuwa na chochote. Nje ya duara, kelele zilezile.

Ardhi wanayoishi watu haikai kimya. Porini, sawa. Kwenye mchanga wa mtoni, sawa. Lakini nyuma ya jiko? Mahali pasafi namna ile pamesafishwa na mtu.

Akapiga magoti, akachomeka kijembe chake. Kiganja kimoja cha udongo wa juu, laini, uliochekechwa. Chini yake mchanga wa kujengea, mweupe, safi kama wa dukani.

Moyo wake ulielewa kabla kichwa hakijataka. Mwezi uliopita alikuwa amesafiri siku tatu kikazi, na safari hiyo walitumia mashine ya mpimaji. Ile ya Masikio aliiacha kwa Kitinda, aliyesema mteja wake amepoteza funguo shambani. Alimwekea na betri mpya. Sasa akayaona yote kama aliyekuwepo: Kitinda akikipata kigingi, akikichimbua, akikihamisha hatua tatu kuelekea jikoni kwa dada yake. Na hakukihamisha kikavu. Alibeba na udongo wake wa kutu, ndoo kwa ndoo, ili mahali papya paimbe vizuri na mahali pa zamani pasiimbe kabisa. Mwizi wa kawaida angeng'oa chuma na kukipigilia pengine, na kelele za uani zingelifunika lile shimo. Ni mwanafunzi wa Masikio tu angejua kwamba shimo huendelea kulia kigingi kikishaondoka, na ni yeye tu angejisumbua kulisafisha mpaka likawa bubu. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki alikuwa amekilea mwenyewe.

Akavua hedifoni.

"Kigingi kimehamishwa," akasema.

Mpimaji akaja, akauona mchanga, akamtazama Masikio, kisha, polepole, akamtazama Kitinda. Mwenye malori akaacha kujipepea.

"Dada, labda ni mafundi," Kitinda akasema. "Labda siku zile za kujenga jiko..."

"Kitinda."

Alimwita kwa jina tu, kama alivyomwita alipokuwa na miaka saba na kidole kwenye sukari. Na kama wakati ule, uongo ukamshinda.

"Hatua tatu tu, dada!" akasema, na sauti ikapanda. "Lori halikati kona bila hizo hatua tatu. Bila hizo hanunui! Wewe zinakusaidia nini? Uko peke yako. Huna mume, huna mtoto, vyumba vinne unalala na nani? Mwisho wa siku si vitakuja kuwa vyangu?"

Kuna maneno ambayo jirani akikuambia unamjibu, na ndugu akikuambia unakaa chini. Masikio alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Hakulia. Alikuwa akifikiria zile posa mbili.

"Kwa hiyo umeona unizike mapema," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Ile sahani." Aliionyesha, imelala juu ya boksi lake, kubwa, inang'aa. "Uliniletea kwa sababu haisikii vidogo?"

Kitinda akatazama viatu vyake vya ngozi. Angeweza kusema hapana. Masikio alimngoja aseme hapana, hata kwa uongo angeipokea, angeichukua hapana hiyo akaenda nayo chumbani. Kitinda hakusema.

"Ulijua nikisema mimi hakuna atakayebisha," Masikio akasema. "Hukuiba kwa jembe. Umeniibia kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningesimama mbele ya watu nikasema chumba changu kibomolewe, na wewe ukanishika bega." Akalipangusa bega lake. "Umenishika bega, mdogo wangu."

Mwenye malori alikohoa, akazikunja karatasi za mauzo mara mbili, akazitia mfukoni. Mpimaji akasema alichopaswa kusema: kigingi kirudishwe mahali pake leo leo mbele ya mashahidi, ama sivyo aandike kwamba mpaka una mgogoro, na jambo liende mbele, na huko mbele wanaohamisha vigingi hawapewi chai.

"Kinarudi," Masikio akasema.

Akauchota ule mchanga kwa mikono. Kitinda alichimba hadi magotini akaridhika, lakini kigingi kilikuwa kirefu kuliko subira yake. Chini ya mchanga, kwenye udongo mgumu, Masikio akaingiza kijiti, kikalia kidogo, kikalia zaidi, kikalia bila kukoma. Hapo ncha ya kigingi ilikuwa imeacha tundu lake, jembamba, lenye kuta za kutu. Mpimaji akavuta kamba upya. Ilipita wazi kando ya jiko na kukiacha chumba umbali wa hatua nzima. Fundi aliyejenga kwa macho hakuwa amekosea.

Akakichukua kigingi kutoka pembe ya jiko, akakileta, akakisimamisha juu ya tundu. Kugongea kigingi kunataka watu wawili. Mmoja anakishika wima kwa mikono yote miwili, mwingine anapiga nyundo, na ile nyundo ya kilo nne hupita karibu sana na vidole. Masikio akainua nyundo, na kabla hajasema neno Kitinda alishachuchumaa mbele yake. Akakizungushia kigingi mikono, akageuza uso pembeni asirukiwe na vumbi, akafumba macho.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akishika tangu ana miaka kumi na miwili. Hakuwahi kuitazama nyundo hata mara moja. Masikio aliviangalia vile vidole, vimetulia juu ya chuma, havina wasiwasi hata kidogo, akaishusha nyundo chini. Baada ya yote yale, bado alikuwa hana shaka na dada yake.

"Toa mikono," akasema.

Kitinda akafumbua macho. "Nakushikia, dada."

"Toa mikono, uinuke."

Akainuka. Alibaki amesimama na viganja vyenye kutu, hajui aviweke wapi. Masikio akamgeukia mwenye malori.

"Samahani, baba. Naomba unishikie."

Yule mtu mnene akachuchumaa kwa shida, akakishika kigingi kwa ncha za vidole, akaikodolea nyundo macho. Masikio akagonga pole pole, kwa sababu huyu hakuwa mtu aliyemzoea.